Nilitoka Mezani Nikasema Naenda Kunawa

Sehemu ya nane

Wengi mmetuma salamu hapa gazetini mkiniita shujaa. Kuna mama mmoja amesema ananiombea kila asubuhi, ingawa hata jina langu halijui. Namshukuru, lakini naomba asubiri kidogo. Asome ya leo kwanza, halafu aamue kama ataendelea na mimi au atamwombea mwingine.

Kwa anayeanza leo, mimi ni kinyozi. Saluni yangu ilibomolewa kupisha barabara, nikabaki kunyoa kwenye kibaraza cha duka la watu. Kabla sijapoa na hilo, dada yangu akaambiwa figo zake zote mbili zimechoka. Kwetu upasuaji wa kubadilisha figo haufanyiki. Tukavuka mpaka watatu: dada, mumewe ambaye ni mwalimu wa udereva, na mimi. Tukapanga chumba jirani na hospitali. Dada akawa anasafishwa damu kwa mashine, mimi napimwa mpaka sehemu ambazo sikujua binadamu hupimwa.

Wiki iliyopita niliishia pale majibu yalipotoka. Figo yangu inamfaa. Tukaambiwa turipoti jioni tulazwe, na kesho yake asubuhi tuingizwe wote wawili chumba cha upasuaji.

"Leo mchana kuleni vizuri," muuguzi alituambia. "Kuanzia usiku hakuna kitu mdomoni, hata maji."

Dada akasema, "Basi tukale pale kwenye vioo."

Pale kwenye vioo ni mgahawa mkubwa tuliokuwa tunaupita kila tukienda hospitali. Ukuta wote wa mbele ni kioo, na waliomo ndani unawaona wanakula polepole, kila meza na maua yake. Dada alikuwa na kawaida ya kusimama hapo. Alijifanya anatazama, kumbe anapumzika. Pumzi zilikuwa zinamwishia njiani, na hakutaka tumwone.

"Pale tutaenda baada ya upasuaji," shemeji alisema. "Tukasherehekee."

"Baada ya upasuaji hatujui. Leo tunajua."

Tukavaa. Dada alivaa gauni la bluu la mikono mirefu, apate kuficha mkono wenye mshipa uliotuna kwa sindano za mashine. Shemeji alitoa koti lake la kwendea harusini. Mimi nilivaa shati alilonipigia pasi mke wangu siku ya safari. Nilikuwa sijaligusa tangu nifike. Kila nikilitazama lilikuwa linanisuta, na mtaona kwa nini.

Mgahawani tulipokelewa na mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni nyeusi. Akatupeleka kwenye meza ya karibu kabisa na kioo. Akavuta kiti amkalishe shemeji. Shemeji, ambaye hajawahi kuvutiwa kiti na mtu, akakirudisha mwenyewe ili amsaidie. Wakavutana. Nusura mzee wa watu akae chini.

"Mmewahi kula kwetu?" mhudumu akauliza, huku akitugawia taulo ndogo za moto za kufutia mikono.

"Hatujawahi," dada akasema.

"Basi niwaeleze. Mpishi wetu amesomea upishi mabara mawili. Anachukua cha huku na cha kule, anavioanisha kwenye sahani moja."

"Na vikigombana?" shemeji akauliza.

"Huwa havigombani, mzee."

"Basi huyo mpishi aje mtaani kwetu awaoanishe majirani zangu."

Dada akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilimsikia akicheka lini.

Halafu akamuuliza yule mama kwa sauti ya chini, "Mnaweza kunipikia bila chumvi? Na nyanya zisiwepo. Na maji nipe kidogo sana."

Mhudumu akamtazama mara moja tu, macho yaliyovimba chini, midomo iliyokauka.

"Nitaongea na mpishi mwenyewe," akasema.

Sahani ya kwanza ilikuwa kubwa kama usukani wa lori, na chakula chenyewe kimejikusanya katikati kama kimeonewa. Samaki mbichi, amekatwa mwembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti hili kupitia kwake. Chini yake vipande vya embe bichi, juu yake mchuzi mweusi wa kahawa. Wa dada aliletwa peke yake, amechomwa.

"Huyu wetu aliuona moto kwa mbali tu?" shemeji akanong'ona.

"Hakuuona kabisa," nikamwambia. "Kula."

Dada alitafuna mara mbili, akatulia, akameza kama anameza kidonge.

"Vipi?"

"Chuma," akasema. "Kama nimelamba geti."

Tangu figo zimchoke kila kitu kwake kilikuwa na ladha ya chuma. Chai chuma, mkate chuma. Tulikuwa tunalijua hilo, ila mimi nilitegemea kwamba chakula cha pale kwenye vioo kingekuwa na nguvu zaidi. Nadhani na yeye alitegemea hivyo, maana uso ulimshuka. Akauinua upesi.

"Gundi, onja wewe uniambie."

Gundi ni mimi. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu nilikuwa nimeng'ang'ania gauni lake saa zote. Mama yetu alifariki mimi nikiwa sijaacha kunyonya, na dada alikuwa bado msichana wa shule. Akaacha shule. Alifua nguo za watu mimi nikiwa mgongoni. Wanaume waliokuja kumposa walidhani mimi ni mwanawe, wakageuza. Wangeweza kuambiwa ukweli. Lakini dada aliona akisema "ni mdogo wangu tu", swali la pili litakuwa "sasa utamwacha kwa nani?" Hakutaka kuulizwa hilo. Akaolewa amechelewa, na mtoto wa tumboni mwake hakumpata.

Nikaonja.

"Mwanzo ni baridi," nikasema. "Halafu embe linakuja, linakukunja shavu. Halafu kahawa."

"Kahawa inafanya nini?"

"Inakaa nyuma. Kama mgeni asiye na makuu. Ukishasahau kwamba yupo, ndiyo anakusalimia."

Akafumba macho, akameza mate.

"Endelea."

Nikaendelea. Nilisimulia samaki yule kama mtangazaji wa mpira, mpaka watu wa meza ya pili wakawa wanageuka. Ilipokuja nyama iliyopakwa asali na pilipili, nikaisimulia. Ulipokuja wali uliosokotwa kwenye jani, nikausimulia. Dada alikula kidogo kidogo, macho yamefumbwa, mkono wake umeshika wangu juu ya meza.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Nilipomwangalia shemeji, machozi yalikuwa yanamtoka yakiingia kwenye masharubu.

"Mimi si mtu wa maneno," akasema. "Kazi yangu ni kuwaambia watu kanyaga breki. Lakini leo lazima niseme. Wewe mdogo wetu, sina cha kukupa. Na mkeo huyo..."

Nikamkatiza.

"Shemeji, tule kwanza."

"Siwezi kumeza kabla sijamshukuru mkeo, Mama Pacha. Kila siku unaniambia nisimpigie, anaogopa habari za hospitali. Leo ndiyo siku ya mwisho. Nampigia."

"Yuko kwenye cherehani saa hizi, hatasikia."

"Atasikia."

Alikuwa ameshabonyeza. Akaiegemeza simu kwenye glasi ya maji, akaweka sauti ya wote kusikia. Ndugu msomaji, mke wangu alikuwa hajui chochote. Nilimuaga kwamba nawasindikiza dada na mumewe, nikawabebee mabegi.

"Shikamoo shemeji!" Mama Pacha akapokea. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia. "Wifi anaendeleaje?"

"Marahaba, mama. Wifi yako huyu hapa, tunakula. Nimesema nikushukuru."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa moyo wako. Wanawake wengi wangegoma. Kumruhusu mumeo afunguliwe tumbo, atolewe figo, ampe dada yake, si jambo dogo."

Cherehani ikasimama.

"Figo ya nani?"

Shemeji akacheka, akadhani ni mtandao. Akasogea karibu na simu. "Figo ya mumeo! Si kesho asubuhi ndiyo wanaingia?"

Dada ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliweka uma chini, akautoa mkono wake juu ya wangu, akanitazama.

"Mpe hiyo simu," Mama Pacha akasema.

Nikaichukua, nikazima ile sauti, nikasimama.

"Nakuja," nikawaambia. "Naenda kunawa mikono."

Taulo ya moto niliyofutia mikono ilikuwa bado pale mezani.

Nikaingia kwenye ujia wa kwendea msalani. Upande mmoja kuna mlango wa jikoni, sufuria zinagongana, mtu anaita namba za meza.

"Ni kweli?" mke wangu akauliza.

"Ni kweli."

"Umeamua tangu lini?"

"Kabla ya safari."

"Na mimi ukaniambia unaenda kubeba mabegi."

Mlango wa jikoni ukafunguka, nikampisha mtu aliyebeba sahani.

"Baba yangu aliingia kukatwa henia," akasema. "Aliniambia nisipike, atarudi tupike wote. Hakurudi. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Ndiyo maana ukanificha?"

Jibu rahisi lilikuwa ndiyo. Badala yake mdomo wangu ukatoa kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nilikisema haraka, kama mtu anayekinga mikono apewe.

"Mama Pacha, ukisema nisifanye, sifanyi. Sema tu neno. Sema sasa hivi."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Aa-a," akasema. "Hilo usinibebeshe. Huyo kwako ni mama, si dada tu. Ungeniambia ningelia, tena ningelia wiki nzima, halafu ningekufungia begi mwenyewe. Sasa unanitaka mimi niwe mlango wako wa kutokea. Mimi si mlango."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema fanya unaloweza. Ukirudi, na figo moja au na mbili, tutazungumza."

Akakata.

Nilisimama pale na simu ya shemeji mkononi. Nataka kuwaambieni kitu ambacho siku zote mnanisoma sikukiandika. Sikumficha mke wangu kwa kuogopa atakataa. Nilimweka akiba. Tangu siku ya kwanza nilijua kwamba nikifika mwisho nikashindwa, nitampigia, atapiga kelele, nami nitarudi kwa dada kichwa chini niseme: ningependa, lakini mke wangu amegoma. Mshauri wa hospitali, binti mpole aliyetuhoji kila mmoja peke yake, aliniuliza mke wangu anasemaje. Nikamjibu ameridhia. Nilidanganya huku na huku, ili katikati nibakiwe na upenyo.

Sasa upenyo umezibwa. Kilichobaki ni mimi na woga wangu.

Kutwa nzima nashika wembe kwenye koo za watu. Nawaambia watulie, nao wanatulia. Lakini nikifikiria mimi nimelala chali chini ya taa, natafuta mlango.

Kushoto ilikuwa njia ya kurudi mezani. Kulia ilikuwa njia ya mlango wa nje. Miguu yangu haikuniuliza.

Kosa langu ni kwamba nilisahau ule ukuta ni kioo. Ili nifike barabarani ilinibidi niupite mwanzo hadi mwisho, na meza yetu iko papo hapo. Nikainamisha kichwa. Nikapiga hatua. Halafu nikafanya ujinga wa kuangalia.

Dada alikuwa ananitazama. Tulikuwa karibu kiasi kwamba, kama si kioo, ningemgusa bega. Nilingoja anikunjie uso, au apige kioo aniite. Hakufanya hivyo. Aliinua mkono wake wenye mshipa ule, akanipungia taratibu, kama unavyompungia mtu ambaye basi lake limeshawashwa.

Na mimi nikaenda.

Nikasimamisha teksi, nikaingia nyuma.

"Wapi, bosi?"

"Kituo cha mabasi."

Dereva akanitazama kwenye kioo chake, akanitazama tena.

"Samahani, bosi. Hicho kitambaa ni cha kwako?"

Nikajigusa. Kitambaa cheupe cha mgahawa kilikuwa bado kimening'inia shingoni kama bibu ya mtoto. Nimepita mtaa mzima nacho. Nikakivua, nikakikunja, nikakikunjua, nikafuta nacho uso. Ndipo nikagundua kwamba nalia.

Simu ya shemeji ikaita mfukoni mwangu.

"Habari za mchana, mzee," ilikuwa sauti ya yule mshauri wa hospitali. "Naongea na mume wa mgonjwa?"

Sijui kwa nini, nikasema ndiyo.

"Pole. Mkeo ametupigia sasa hivi, amejitoa. Nataka nihakikishe na wewe, maana akijitoa leo nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na ninyi mnarudi nyuma kabisa ya foleni. Kwa hali yake, mzee, foleni hiyo mimi singemshauri."

"Amesema... kwa nini?"

"Amesema ameogopa. Amesisitiza sana kwamba ndugu yake hana neno, yuko tayari, ila yeye ndiye aliyeshindwa. Ametuomba hata huyo ndugu akija kuuliza, tumwambie hivyo hivyo."

Nikakikunja tena kile kitambaa.

"Mzee? Tunawasubiri mpaka jioni. Zaidi ya hapo siwezi."

Nikamgusa dereva begani.

"Geuza."

"Umesahau mzigo?"

"Ndiyo."

Nilipoingia tena, shemeji aliniona kabla sijafika mezani. Alininyakua kola, lile shati la pasi likatoka kifungo.

"Amejitoa!" akanitikisa. "Amewapigia mbele yangu, akajitoa! Nikiuliza hasemi! Umemfanya nini?"

"Mwache," dada akasema. "Gundi, keti. Chakula kinapoa."

Sikuketi. Yule mhudumu alisimama kando, sahani mkononi, hajui aje au arudi.

"Dada, mimi ndiye niliyeogopa. Kwa nini umesema ni wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Mshauri. Kapiga simu ya shemeji, ninayo mimi."

Akaguna. "Yule binti hana siri. Basi sikusema uongo. Na mimi naogopa."

"Wewe huogopi kitu."

"Naogopa niamke kesho niambiwe wewe hukuamka. Hilo nimelibeba tangu siku ya kwanza ya vipimo, nikawa nalimeza, nikisema Gundi yuko imara, Gundi mwenyewe ametaka. Halafu leo nakuona unapita hapo na kitambaa shingoni. Nikamwona yule mtoto aliyekuwa anajificha chini ya kitanda siku ya sindano." Akanywa maji yake, tone tu, akaweka glasi. "Sikuweza."

"Lakini nimerudi."

"Umerudi kwa haya. Nakujua. Ungerudi hata baada ya mwaka mzima, ukiniangalia na macho hayo ya kudaiwa. Mimi nilikulea, sikukukopesha. Hakuna kitu chako ninachokuja kuchukua."

"Kwa nini unaamua peke yako?" shemeji akadakia. "Na mimi je?"

Dada akazidi kunitazama mimi. Nikaitoa ile simu, nikampigia mshauri, nikaweka sauti ya wote kusikia. Nikaiweka simu mezani.

"Huyu ni mchangiaji," nikasema. "Ni mimi niliyepokea ulipopiga, si mume wake. Na mke wangu hakuwa ameridhia, hakuwa anajua kabisa. Nilikudanganya. Amejua leo."

Mshauri akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema nifanye ninaloweza. Mpigie mwenyewe umuulize."

"Nitampigia. Na wewe, unaogopa?"

"Sana. Nimetoroka hapa mezani, nimegeuzia njiani."

"Basi nitakuuliza mara moja tu, na ukisema hapana hakuna atakayekulaumu. Bado unataka?"

Meza ya pili walikuwa wameacha kula. Nilimtazama dada. Alikuwa anatikisa kichwa, polepole, hapana, hapana, kama alivyokuwa akinikataza kuvuka barabara.

"Nataka," nikasema. "Naogopa, na nataka."

Sijawahi kusema maneno mepesi kama yale. Nilihisi kitu kimetoka kifuani, nikadhani tumemaliza. Nikadhani sasa tunainuka, tunachukua mabegi, tunakwenda.

"Sawa, nimekusikia," mshauri akasema. "Sasa nipe mgonjwa."

Nikamsogezea dada simu. Mikono yake ilikuwa mapajani. Hakuitoa.

"Mama, upo?" sauti ikaita mezani. "Mwenzako amekubali mbele yako. Lakini hatufungui watu wawili kwa ndiyo moja. Nahitaji na yako."

Dada akainama juu ya simu, akasema kwa adabu, kama anayemjibu mgeni, "Nipo, mwanangu. Yake umeisikia. Yangu ni ileile niliyokwambia. Asante kwa kutuhangaikia."

Akabonyeza, akaizima kabisa.

"Dada!"

"Keti, Gundi."

"Utakufa!" Nililisema neno lile kwa sauti, mgahawa mzima ukageuka. Hata kule jikoni nadhani walisikia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilitaka tule leo."

Ndipo nikaelewa. Hakuamua pale nilipopita kwenye kioo. Alikuja na uamuzi wake ndani ya lile gauni la bluu. Kutoroka kwangu kulimpa sababu tu, kama vile mimi nilivyomtaka mke wangu anipe yangu.

Shemeji naye alikuwa ameelewa. Nilimwona anashuka. Nilidhani ameishiwa nguvu, nikataka kumdaka, lakini alikuwa anapiga magoti. Mzee mzima, na koti lake la harusini, kwenye zulia la watu, kati ya meza na meza.

"Inuka," dada akamwambia, bila kumtazama. "Watu wanakula."

"Siinuki."

"Inuka, mume wangu. Utaaibika."

"Nimeshaaibika." Akakishika kiti cha dada kwa mikono miwili. "Yeye umemhurumia. Watoto wake umewahurumia, mkewe umemhurumia. Mimi ukifa nalala na nani kwenye ile nyumba? Mimi umeniwekea nini?"

Dada akamgeukia hatimaye, akamtazama yule mzee pale chini.

Yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu siku ile, kwa mshauri, kwa mhudumu, kwangu mimi, kwa huyu hakuwa nalo. Na nje ya kioo jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa jioni.